Shemeji Kachukua Gari, Sisi Tukafia Porini

BARUA

Salaam aleikum Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 24, natengeneza simu hapa Oli, Arua. Jambo langu nikilipeleka kwa wazee wa nyumbani watanifukuza kwa kicheko. Ila wewe uliwahi kusema kwenye safu hii kwamba unacheza gemu na watoto wa kaka yako, kwa hiyo najua hutanicheka, au utanicheka kidogo tu.

Tunacheza PUBG Mobile. Kwa wasomaji wako wasioijua: watu mia wanarushwa kutoka kwenye ndege hadi kisiwani, vikosi vya watu wannewanne, kila mmoja mikono mitupu. Mnaokota bunduki na dawa majumbani, duara linazidi kujikunja, atakayebaki nje ya duara analiwa na bluu, ule ukanda wa nje unaomaliza damu kidogo kidogo, na kikosi kitakachobaki hai mwisho ndicho kilichoshinda.

Kikosi chetu ni mimi, mdogo wangu wa kike (mtoto wa mama mdogo, amemaliza S6 anasubiri chuo), rafiki yangu Mkongo wa upande wa Ariwara ambaye anaendesha boda hapa mjini, na shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Shemeji ni Msoga, sisi ni Walugbara, Mkongo ana lugha zake, basi kwenye maiki ni Kiswahili mwanzo mwisho. Mimi ndiye kapteni. Walinichagua wenyewe, hata shemeji alisema sawa.

Shemeji ana miaka 35, ana duka la spea za pikipiki. Ana simu ambayo zetu tatu zote tukizijumlisha hazifikii bei yake. Anapiga vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Mkikutana naye yeye kwa yeye nyuma ya ukuta, umekwisha. Lakini hakai na watu. Tukisema tunashuka hapa, yeye anashuka kwenye nyumba ya mbali. Tukisema tusubiri, anakwenda. Akikuta darubini tatu anabeba zote tatu. Akianguka anapiga kelele "niinueni, niinueni", na tusipofika kwa wakati anatutukana, kisha anakaa kwenye maiki akituelekeza sisi tulio hai jinsi ya kucheza.

Sasa mtaani kuna mashindano yanakuja. Vikosi 16, zawadi ni laki nne na mbuzi. Juzi tulicheza mechi ya majaribio na vikosi vingine vilivyojiandikisha. Ramani ni Erangel. Tuliokota vizuri Pochinki, wote wazima, tuna gari moja, Dacia, limejaa mafuta. Duara likaangukia kusini kabisa, kule kwenye kisiwa cha kambi ya jeshi, na wewe unajua kule bila gari ni kulilia daraja. Tukiwa tunajipanga kupanda, ndege ya mizigo ikapita na sanduku la silaha likaanza kushuka upande wa Gatka. Shemeji akaingia kwenye gari peke yake. "Nakuja sasa hivi, nachukua AWM." Kumbuka yeye ndiye aliyekuwa na maboksi ya dawa karibu yote.

Alifika kwenye sanduku, akapigwa na kikosi kilichokuwa kimelala kwenye majani. "Niinueni!" Nikasema twende. Tukakimbia kwa miguu kuvuka mashamba. Mdogo wangu anasema baadaye kwamba alituambia kuna watu wawili kilimani, lakini sikumsikia, kwa sababu shemeji alikuwa anaita na mimi nilikuwa namjibu. Mkongo akasimama ghafla kama sanamu: ama mtandao, ama amepata abiria, maana anacheza akiwa stejini. Tukafa wote. Tulimaliza nafasi ya 13 kati ya vikosi 16.

Shemeji alikuwa ameua watu watatu. Basi akapiga picha ya skrini, akaiweka kwenye grupu la familia la WhatsApp: "Mimi peke yangu ndiye niliyepigana, wengine walikuwa wanatembea." Nikamjibu palepale, mbele ya mama, mbele ya mashangazi wote, kwamba yeye ni mwizi wa gari. Dada yangu amenuna. Mama anasema shemeji hasemwi hivyo na mtoto aliyekula mahari yake. Shemeji mwenyewe kasema maneno machache tu: "Bando natoa mimi." Na ni kweli, anatununulia sote.

Shangazi, nimtoe? Nikimtoa, sina mtu wa nne na sina bando. Nikimwacha, tutakufa tena vilevile mbele ya mtaa mzima. Nitampaje amri mtu niliyemwamkia kwa magoti siku ya harusi ya dada?

Kapteni wa jina tu, Oli, Arua


JIBU LA SHANGAZI

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimecheka kidogo, kama ulivyoniruhusu.

Shemeji kakosea, hilo tusilizungushe. Kuondoka na gari la watu wanne wakati duara liko ng'ambo ya daraja, na dawa za kikosi kizima umezibeba wewe, ni kosa ambalo hata watoto wa kaka yangu wangenuniana nalo wiki nzima. Na kwa ajili ya AWM! Bunduki inayopatikana kwenye sanduku la ndege tu, risasi zake chache zinakuja humohumo, zikiisha umebeba fimbo nzito. Lile sanduku linafuka moshi mwekundu unaoonekana nusu ya kisiwa. Kila aliyelitazama alijua kuna mtu wa tamaa atakuja, akalala kwenye majani akamsubiri. Akaja shemeji yako, tena na honi.

Haya, sasa soma tena ulichoniandikia mwenyewe. Baada ya yeye kuanguka, ni nani aliyesema "twende"? Mko watatu, kwa miguu, shamba la wazi, hamna dawa, bluu inakuja nyuma, na binti anawaambia kuna watu kilimani. Kifo cha shemeji kilikuwa cha mtu mmoja. Vile vingine vitatu vilitoka kwenye neno lako wewe. Unajua kanuni: aliyeangushwa anatambaa huku damu inamtoka, na mwenzake anaweza kumwinua, kazi ya sekunde kama kumi ambazo mwinuaji amepiga goti na hawezi kufyatua hata risasi moja. Akishainuka ana damu ya kuhesabu kwa vidole. Na wote wanne mkiwa chini kwa wakati mmoja, hakuna kutambaa tena wala kusubiri, kikosi kimefutwa hapohapo. Watatu waliosimama mbali na sanduku bado walikuwa na mechi. Nafasi ya nane, ya saba, nani anajua.

Sikulaumu kwa kutaka kumwokoa mtu. Ninachotaka uone ni kwa nini ulisema twende. Ulisema twende kwa sababu anayeita ni shemeji. Angeita yule Mkongo ungemwambia "kaka, tulia hapo, umekufa hiyo." Ukapteni ulipewa, lakini ukubwa wa nyumbani ulibaki kwake, na vitu viwili hivyo vilipogongana katikati ya Pochinki na Gatka, nyumbani kukashinda. Kutashinda kila mara. Wewe ukimkaripia kwenye maiki, hata ukiwa na haki, yeye anasikia mtoto mdogo wa mkewe anampandishia sauti mbele ya watu. Hawezi kutii hapo. Hata akitaka, hawezi.

Kwa hiyo acha kutafuta namna ya kumpa amri. Amri inayotolewa risasi zikilia ni kukumbushana tu jambo ambalo watu wamekubaliana wakiwa wametulia. Nyinyi hamjakubaliana chochote. Mmechagua kapteni, mkaona imetosha. Sasa unamkumbusha nini?

Mimi nimekulia kwenye kota za jeshi kule Jinja, na huko ndiko Kiswahili changu kilikotoka. Kelele zote tulizosikia watoto zilikuwa za gwaride. Wanaume walewale waliokuwa wanaunguruma uwanjani, wakirudi kutoka mazoezi ya porini walikuwa wanasimulia kwamba huko watu wanaongea kwa vidole, na kwamba kabla ya kuondoka kila mmoja anajua wa mbele akipigwa nani anashika nafasi yake. Hakuna aliyekuwa anauliza "sasa tufanyeje" wakati wa kufanya.

Basi nenda kwake. Usimwite dukani kwako, nenda wewe kwake, na usiende mikono mitupu. Kilo moja ya sukari kwa watoto inatosha. La grupu limalize kabla hujatoka nyumbani, na limalize kwenye grupu lilelile, mstari mmoja, "shemeji, maneno yangu ya juzi hayakuwa na adabu, nisamehe." Usiongeze "lakini". Dada yako usimtumie hata kidogo. Ukimpeleka dada yako akaseme na mumewe habari za Dacia, umeshatoa gemu kwenye simu ukaiweka kitandani kwao.

Ukifika, usianze na gari. Anza na hesabu. Unaongea na mfanyabiashara, mwonyeshe daftari. Mashindano makubwa ya PUBG yanagawa pointi hivi: wa kwanza 10, wa pili 6, wa tatu 5, wa nne 4, wa tano 3, wa sita 2, wa saba na wa nane moja moja, na kuanzia wa tisa hadi wa 16 hakuna kitu. Kila mtu mnayemuua ni pointi moja. Waulize waandaaji wenu kama wanatumia hesabu hiyo. Vikosi 16 ndio mpangilio wa huko huko, kwa hiyo sitashangaa. Sasa mchukue shemeji na vichwa vyake vitatu. Nafasi ya 13: pointi tatu. Watu haohao watatu, akiwa hai na wenzake hadi nafasi ya nne: saba. Kikosi kilichojificha mechi nzima bila kuua hata panya, kikamaliza wa kwanza: kumi. Usimwambie aache kuua, kwa sababu hicho ndicho anachokipenda na ndicho anachokiweza kuliko nyinyi. Mwambie anauza spea nzuri kwa bei ya vyuma chakavu.

Hapo ndipo mnakubaliana. Mambo yawe machache, mengi yatasahauliwa kabla hamjaruka kwenye ndege.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni umbali. Mwache atangulie, mpe kazi hiyo rasmi, aingie wa kwanza kwenye kila nyumba. Mtu jasiri ukimweka nyuma anaoza. Lakini asivuke umbali ambao mwenzake anaweza kumfikia kabla damu haijamwisha. Tuseme mita hamsini. Namba si muhimu sana, muhimu ni awe ameitaja yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Na upande wa pili wa makubaliano hayo usemwe waziwazi siku hiyohiyo, mkiwa mmekaa, chai iko mezani: atakayevuka umbali huo akaangushwa, hafuatwi. Awe shemeji, awe wewe, awe nani. Nyie wote semeni sawa. Ukishafika wakati wenyewe hutakuwa unamkatalia shemeji. Mtakuwa mnafuata walichosema watu wanne.

Gari haliondoki mpaka kila mmoja aseme "nimekaa". Mkikuta magari mawili chukueni mawili, wawili wawili, hasa duara likiwa ng'ambo ya maji, maana pale darajani kuna watu wanaolala kusubiri gari lililojaa.

Dawa kila mtu abebe zake. Boksi la dawa la kawaida (First Aid Kit) linapandisha damu hadi robo tatu tu, iliyobaki inajazwa na soda na vidonge, kwa hiyo mwenye maboksi sita mfukoni hana afya mara sita, amewanyima wengine tu. Maboksi mawili kila mmoja ndipo mtu aanze kuweka akiba. Risasi nazo ugomvi wake unaisha mkijigawa: wawili wabebe bunduki za 5.56, M416 na ndugu zake, wawili wabebe za 7.62 kama AKM au Beryl. Wapo watakaokuambia wote mbebe za aina moja ili mgawane vizuri. Kwa vikosi vyenye upendo, sawa. Nyinyi kwa sasa mnahitaji sababu chache za kunyang'anyana.

Na mabomu ya moshi. Nimesoma barua yote sijaona moshi hata mara moja. Kumwinua mtu uwanja wa wazi bila moshi ni kujilaza kando yake. Mawili kila mtu, hata kama itabidi utupe zile darubini za ziada (mwambie hivyo kwa utaratibu). Na moshi hautupwi juu ya aliyeanguka. Unatupwa kati yake na anayempiga, unangoja utanuke, ndipo unakwenda. Nendeni kwenye uwanja wa mazoezi mrushe mpaka mkono ukariri, hakuna anayewapiga mle.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho wewe umekipita mbio kwenye barua, na mimi nilikisoma nikasimama. Mdogo wako aliwaona wale wawili kilimani. Alisema. Hakusikika. Kikosi chenu kina macho, na macho hayo yana sauti ndogo, na nyinyi wanaume wawili mlikuwa mmeijaza maiki kwa mazungumzo ya maiti na kapteni wake.

PUBG inachezwa kwa masikio nusu. Nyayo kwenye mbao zina sauti yake, kwenye majani ina yake, mlango ukifunguliwa ghorofa ya pili unausikia, gari linasikika kabla halijaonekana. Hedifoni za elfu kumi za pale mjini zinatosha kukuambia adui yuko kushoto. Lakini hakuna hedifoni duniani itakayokusikilizisha nyayo wakati shemeji anaita "niinueni". Kwa hiyo mkubaliane na hili: aliyeangushwa au kufa ana sentensi moja. Aseme kilichompiga kiko wapi, kisha anyamaze mpaka aulizwe. Juu ya skrini kuna dira yenye namba. "Mbili thelathini, kilimani, wawili, mmoja ana kofia ya daraja la tatu." Imekwisha. Maneno kama "yuko hapa!", "yuko pale kwenye mti!" yafutwe, kisiwa kina miti kama msitu wa Budongo. Na majina ya mahali mjipangie yenu, ya Kiswahili, mafupi, ambayo Msoga, Mlugbara na Mkongo wote watayaelewa wakiwa na hofu, kwa sababu mtu akiogopa anarudi kwenye lugha ya mama yake bila kujua. Sisi nyumbani yale maghala yote yenye ngazi nje tunaita "godauni", basi, hakuna anayeuliza godauni lipi, linaloonekana.

Sasa la mdogo wako. Umeuliza utampaje amri shemeji. Mimi nauliza kwa nini uwe wewe. Kwako wewe yeye ni mkubwa, umemwamkia kwa magoti, ukimwambia "rudi" ni utovu wa adabu. Lakini huyu binti kwake ni shemeji wa kike, na kwenye nyumba nyingi ninazozijua shemeji wa kike ana utani wake. Anaweza kumwambia "shemeji rudi hapa, unataka tukamzike nani leo?" na yeye akacheka akarudi, na asione amevunjiwa heshima. Wewe ukisema maneno hayohayo ni vita. Kwa hiyo sauti ya katikati ya mechi mpe yeye: wapi tunakwenda, lini tunaondoka, simama, rudi. Ndiye anayeona mapema, ndiye asiyekimbilia kuua, na mtu anayesimamia ramani anafaa awe yule ambaye hashughuliki na bunduki sana. Wewe baki na kazi ya kabla na baada: kuandaa, kujiandikisha, kusema na waandaaji, kukaa na watu mechi ikiisha mkapitia palipoharibika. Hujashushwa cheo. Kazi ya kapteni kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo.

Mwulize yeye kwanza, lakini. Usiende kwa shemeji na jina la binti kabla binti hajakubali. Huenda hataki, na akitaka huenda atakuwa na masharti yake, na nakushauri uyasikilize kuliko ulivyomsikiliza kilimani.

Mkongo wenu hana shida nyingi. Mechi ya Erangel inakaribia nusu saa, kwa hiyo achague: saa hiyo ni ya mechi au ni ya steji. Akisema ni ya steji, mwambie sawa, mtu hula kwa boda, hali kwa gemu. Mtandao wake ukikatika, mwili wake unabaki umesimama pale ulipo mpaka arudi, kwa hiyo asishike usukani na asiwe mtunza dawa. Na wote mchague seva ileile inayowapa taa ya kijani, yaani isiyochelewa, mjaribu jioni za mashindano yenyewe, si saa tano asubuhi mtaa mzima uko kazini.

Nimeliacha bando mwishoni kwa sababu ndilo linalonikera. "Bando natoa mimi" ni maneno ya mtu aliyekasirika, lakini yametoka kwenye ukweli: nyinyi watatu mnacheza kwa hisani yake, na mtu anayelipa kila kitu ataona gari nalo ni lake. Hapa Uganda tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya deta, najua si rahisi. Ila mechi yenyewe haili MB nyingi kama watu wanavyodhani. Kinachokula ni apdeti, na wewe fundi simu hukosi mahali penye wifi pa kushushia apdeti ya watu wanne usiku. Fanya hiyo iwe kazi yako. Kisha kila mtu anunue bando lake la siku ya mechi, hata la bei ya kikomando kimoja, chapati na maharage. Shemeji akitaka kuwanunulia, mshukuru, mpokee siku moja moja. Isiwe kila siku.

Na akikubali yote haya mezani, kisha siku ya kwanza ndege ya mizigo ikapita akaingia tena kwenye gari peke yake? Binti amwite mara moja. Asiporudi, msimfuate. Endeleeni watatu kwa miguu, tafuteni gari lingine, chezeni mechi yenu hadi mtakapofia, na mkitoka msiseme neno kwenye maiki wala kwenye grupu. Hesabu ya pointi mpelekee kesho yake dukani. Ikijirudia, basi kwa mashindano haya mtafute wa nne mwingine, na mwambie shemeji mwenyewe kabla jina halijaandikwa, uso kwa uso, kwamba mtaa huu umejaa vijana wenye mikono kama yake lakini mume wa dada ni mmoja tu na hutaki mgombane kwa ajili ya mbuzi.